Kilo ya kahawa ni kilo ya nini? EPCIS 2.0 kwenye mizani

Tuchukue chama cha msingi kimoja huko Kagera. Karani anapokea kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima, anapima, anaandika kilo. Kiwandani inakobolewa na kutoka kahawa safi, ambayo uzito wake ni mdogo zaidi. Mnunuzi wa Ulaya naye anaandika kilo. Ukiunganisha programu zao mbili, namba zitasomeka vizuri tu, ila itaonekana kama mzigo mkubwa umepotea njiani. Hakuna aliyeiba. Neno "kahawa" limebeba vitu viwili.

Dawa inayopendekezwa ni ontolojia. Mwaka 1993 Tom Gruber aliieleza kuwa ni ufafanuzi wa wazi wa namna tunavyoielewa sehemu fulani ya dunia. Kwa lugha ya kawaida: tunaandika ni vitu gani vipo na vinahusianaje, kwa namna ambayo hata mashine inaweza kuifuata. Mfano: kila shehena ya kahawa safi imetokana na shehena nyingine iliyokobolewa.

Kwenye ugavi, kiwango kinachotajwa sana ni EPCIS cha GS1, shirika la ile mistari myeusi unayoiona kwenye pakiti ya sabuni. Toleo la 2.0 lilitoka 2022. Linarekodi matukio: kitu gani, lini, wapi, kwa sababu gani, na kikiwa katika hali gani, kwa mfano jotoridi. Lina pia tukio la ugeuzaji: hivi viliingia, hivi vikatoka. Kwa hiyo kukoboa kuna mahali pake, na hilo ni jambo zuri kweli.

Sasa matatizo. Tuseme kahawa ya wakulima 200 imemiminwa pamoja. Tukio la ugeuzaji litasema shehena iliyotoka inatokana na wote 200. Ni kweli, lakini angalia kinachofuata. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, inayopinga ukataji misitu, inataka mahali halisi pa kila kipande cha ardhi kilicholimwa, na kipande kinachozidi hekta 4 kichorewe mipaka. Kipande kimoja kikikosa sifa na kahawa yake haiwezi kutenganishwa, mzigo wote unakwama. Rekodi mbovu ya mtu mmoja inawaangukia majirani 199.

Na hicho kipande ni nini hasa? Mkulima mmoja anaweza kuwa na vibanja vitatu sehemu tofauti. Kama daftari la chama limepangwa kwa jina la mkulima na mfumo wa mnunuzi umepangwa kwa kipande cha ardhi, EPCIS haitaamua nani yuko sahihi. Inaruhusu kila kampuni iongeze maneno yake. Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo: kila mmoja akiongeza la kwake, tumerudi kulekule tulikotoka, tofauti ni kwamba sasa kutoelewana kwetu kuna muundo mzuri wa faili.

Hata "gunia" lina utata. Shirika la Kimataifa la Kahawa huhesabu biashara kwa magunia ya kilo 60, hata kahawa ikisafiri bila gunia lolote. Karani akisema gunia anamaanisha lile analoliona mbele yake.

Bado ningechagua EPCIS kuliko jedwali linalotumwa kwa WhatsApp. Ila mradi wowote wa aina hii uanzie kwenye mizani, si kwenye seva: maganda, safi, kibanja, gunia. Maneno hayo manne yafafanuliwe na wanaoyatumia kila siku, kisha ndipo mtaalamu ayaandikie msimbo. Yakifafanuliwa Brussels peke yake, gharama ya kila tafsiri mbaya italipwa na mkulima, na yeye hata hiyo programu hajawahi kuiona.