Mililita mbili kila saa mbili: hesabu ya kumlisha mtoto njiti

Chukulia mtoto wa gramu 1,200. Mama yake ameteremka kutoka Oldonyosambu na kujifungulia Ngaramtoni, mimba ikiwa na wiki 30. Ni siku ya tatu, na mtoto anapewa mililita 8 za maziwa ya mama yake kila baada ya saa mbili, kwa mpira uliopita mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula. Usiku, kabla ya mlo, muuguzi wa zamu anavuta kwa bomba la sindano na kupata mililita 5 zenye ukijani kidogo. Tumbo limejaa. Anaruka mlo ule na unaofuata, na kwenye faili kunaandikwa kwamba mtoto hastahimili maziwa.

Uamuzi huo una sura ya tahadhari, ndiyo maana asubuhi hakuna anayeuhoji. Kwangu mimi ndio uamuzi ghali kuliko yote yaliyofanyika wodini usiku ule. Tuanze na bei yake.

Ili akue, mtoto wa uzito huu anahitaji kilokalori 110 hadi 135 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Maziwa ya mama yana wastani wa 67 katika mililita 100, kwa hiyo mililita 160 kwa kilo zinampa karibu 107. Sasa simamisha maziwa, umwachie dripu ya glukosi ya asilimia 10 kwa mililita 80 kwa kilo: anapata 27. Protini hapati hata chembe, na kwa kuwa mwili wake haungoji, anaanza kula misuli yake mwenyewe, takriban gramu moja ya protini kwa kilo kila siku. Ulaya na Marekani pengo hilo huzibwa na lishe kamili ya mshipani: protini, mafuta na madini vikitiririshwa moja kwa moja kwenye damu. Kwetu lishe hiyo ni adimu na bei yake haishikiki, hospitali nyingi hazina kabisa. Juu ya hayo, kila siku ya dripu ni siku nyingine ya sindano kukaa mshipani, nayo ni njia ya vijidudu kuingilia.

Hofu ya muuguzi hata hivyo si ya kubuni. Upo ugonjwa wa kuoza kwa utumbo unaowaandama watoto njiti kuliko vichanga wengine wote, nao huanza kwa dalili hizihizi: tumbo kujaa, maziwa kubaki, matapishi ya nyongo. Ukikomaa, utumbo hutoboka na mtoto huhitaji kisu. Ngaramtoni iko ubavuni mwa Mlima Meru upande wa magharibi, kwenye barabara ya Namanga. Ina hospitali ya Selian ya KKKT na ile ya wilaya ya Olturumet, lakini hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, iko Moshi, ng'ambo ya jiji la Arusha na zaidi. Anayejua umbali huo usiku wa manane hawezi kulaumiwa kwa kushika breki mapema. Swali ni kama breki anayoishika imeunganishwa na gurudumu.

Utumbo wa wiki 30 haujajifunza kusukuma. Yale mawimbi ya mpangilio yanayokizoa chakula kutoka mfuko wa chakula kwenda chini hukomaa kuelekea wiki ya 32 hadi 34. Kabla ya hapo misuli hujikunja ovyoovyo, mfuko huchelewa kumwaga, na kilichopita huweza kurudi juu kidogo na rangi yake ya nyongo. Choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, kinaweza kuziba njia kwa siku kadhaa. Na kama mtoto yuko kwenye mashine inayosukuma hewa puani, ile yenye chupa ya maji inayobubujika, sehemu ya hewa huishia tumboni badala ya mapafuni. Tumbo la namna hiyo huvimba bila kuwa na ugonjwa wowote, na dawa yake ya kwanza ni kuuacha mdomo wa mpira wazi kati ya mlo na mlo ili hewa itoke.

Kwa hiyo mabaki ya maziwa kwa mtoto huyu ni jambo la kawaida. Kanuni ya zamani ilisema mabaki yakizidi nusu ya mlo uliopita, simamisha. Itazame kanuni hiyo mtoto anapokunywa mililita 2: akibakisha 2, ni asilimia mia moja, na kwa karatasi hali inatisha, kumbe tunazungumzia chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kinachopatikana pia hutegemea mtoto amelalia ubavu gani, tundu la mpira liko wapi, na mkono uliovuta ulivuta kwa nguvu kiasi gani. Mpira ukisukumwa mbali mno, ncha yake hupita mfuko wa chakula na nyongo utaipata tu. Ndiyo sababu kipimo cha mpira, kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu, kinastahili kurudiwa kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa. Halafu wapo wanaoyamwaga mabaki. Humo mna asidi na vimeng'enya ambavyo mtoto ametumia saa mbili kuvitengeneza.

Mwaka 2019 Leslie Parker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha jaribio la watoto 143 waliozaliwa kabla ya wakati mno. Nusu yao walivutwa mabaki kabla ya kila mlo, nusu hawakuvutwa. Wale ambao hawakuvutwa walipewa maziwa mengi zaidi, wakaongezeka uzito vizuri zaidi na wakaruhusiwa mapema. Watoto 143 ni wachache mno kutoa hukumu juu ya kuoza kwa utumbo, na sitaki kulipa jaribio hilo uzito lisioweza kuubeba. Ila linatosha kuondoa dhana kwamba bomba la sindano lilikuwa likiwalinda.

Basi mlinzi ni nini? Ni jicho na kiganja. Tumbo laini, ngozi yake ya kawaida, mtoto anajinyoosha ukimgusa na anapata choo: anaendelea, hata kama mabaki yapo. Tumbo gumu linalong'aa, mikunjo ya utumbo inayoonekana kwa nje, ngozi iliyobadilika rangi, nyongo ya kijani iliyokolea inayotapikwa tena na tena, damu kwenye choo, mtoto aliyelegea au anayesahau kupumua: huyo anasimamishwa mara moja, anaanzishiwa antibiotiki na daktari anaitwa. Kuzungushia tumbo utepe wa kupimia hakusaidii sana, kwa sababu kipimo hubadilika kwa pumzi na kwa choo.

Kabla ya yote, kipimajoto. Mtoto njiti aliyepoa chini ya nyuzi 36.5 huacha kusaga chakula, na maambukizi ya damu nayo mara nyingi hujitangaza kwanza tumboni. Juni hadi Agosti baridi ya Meru huingia hadi wodini, na nadhani matumbo mengi yaliyolaumiwa miezi hiyo yalikuwa yakidai joto tu.

Tuje kwenye kasi, ambako mabishano yalidumu miaka mingi. Jaribio la Uingereza na Ireland lililochapishwa 2019, watoto 2,804 waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wakiwa na chini ya kilo moja na nusu, lililinganisha kuongeza mililita 18 kwa kilo kila siku na kuongeza 30. Kuoza kwa utumbo hakukutofautiana kwa maana: asilimia 5.0 kwa walioongezewa haraka na 5.6 kwa polepole. Kipimo kikuu, yaani kufika miezi 24 bila ulemavu wa wastani au mkubwa, nacho hakikutenganisha makundi. Walioongezewa haraka walifikia mlo kamili katika siku 7 hivi, wengine 10. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba maziwa yaanze siku ya kwanza na yanaweza kuongezwa hadi mililita 30 kwa kilo kwa siku.

Mrudishe mtoto wetu kwenye hesabu. Mililita 20 kwa kilo siku ya kwanza ni 24 kwa siku, yaani 2 kila baada ya saa mbili. Kila siku unamwongezea 3 kwa kila mlo: 5, 8, 11, 14, na siku ya sita anafika 16, ambayo ni mililita 160 kwa kilo. Kwa 18 angefika siku ya tisa. Wadi yenye lishe ya mshipani inaweza kuzimeza siku tatu hizo bila kuhisi. Isiyo nayo, inamlipisha mtoto.

Hapa lakini ushahidi una mpaka. Watoto wa jaribio lile walikuwa na lishe ya mshipani, maabara na madaktari wa upasuaji, na huwezi kuihamisha namba bila mazingira yake. Kwa aliye chini ya kilo moja, au ambaye kabla ya kuzaliwa damu haikumfikia vizuri kwenye kondo, ningekwenda polepole zaidi. Wa gramu 1,200 mwenye tumbo laini ni habari nyingine.

Maziwa yenyewe ni ya nani? Alan Lucas na Tim Cole, 1990, walifuatilia watoto njiti 926 Uingereza na kuona kwamba waliopewa maziwa ya kopo peke yake walipata kuoza kwa utumbo mara 6 hadi 10 zaidi kuliko waliokunywa ya binadamu peke yake. Nairobi, hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Pasipo benki, mpango wote unategemea mama akamue mara nane kwa saa 24, kuanzia saa za mwanzo kabisa, usiku ukiwemo. Siku ya kwanza atapata matone ya dang'a, na matone hayo yanalingana na mahitaji. Akiwa kitanda cha mbali na mtoto, au amerudishwa nyumbani kusubiri, maziwa hukauka. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano za jaribio la huduma ya kangaroo ya mara baada ya kuzaliwa, watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, lililochapishwa 2021: vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7. Ngozi ya mama inampa mtoto joto, na mama aliyeko palepale hukamua. Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yamemwongezea likizo mwajiriwa aliyejifungua njiti hadi zitimie wiki 40. Muuza ndizi wa soko la Ngaramtoni hana mwajiri wa kumwomba likizo.

Mtoto wetu wa mililita 5, je? Anapimwa joto, mpira unapimwa upya, mabaki yanarudishwa taratibu, mdomo wa mpira unaachwa wazi, na mlo unateremka wenyewe kutoka kwenye bomba lisilo na kisukumio lililoinuliwa juu kidogo. Kama kuna sababu ya kweli ya kusimamisha, faili liandikwe sababu hiyo pamoja na saa ya kumwangalia tena. Saa sita zikipita tumbo likiwa laini na dalili zikiwa zimetoweka, anaanzishiwa kiasi cha mwisho alichokistahimili, si mililita 2 za siku ya kwanza.