Bwana Msa na Msomaji wa Madaba

Msomaji wa Madaba, mji ulio kando ya barabara itokayo Songea kwenda Njombe, huenda hajapata kuiona mikarafuu ya Unguja. Walakini mpe riwaya ya Muhammed Said Abdulla, naye hataiweka chini mpaka amjue aliyeua. Yafaa tujiulize ni nini kimvutacho, na mvuto huo wakomea wapi.

Aina hii ya hadithi twaweza kuiita upelelezi wa barazani. Mauaji hutendeka, lakini damu haioneshwi sana; wanaoshukiwa wote wajuana; na mpelelezi aghalabu si askari, bali ni raia mwenye akili kali na subira ya kusikiliza. Huko Uingereza Agatha Christie aliikuza sana, na katika The Murder at the Vicarage, ya mwaka 1930, bibi mzee wa kijijini ndiye afumbuaye fumbo. Kwetu sisi, Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, ana udugu wa wazi na Sherlock Holmes. Lakini maneno yake, mizaha yake na adabu zake ni za Unguja.

Katika riwaya hiyo maiti ya tajiri yaonekana penye mzimu, na wengi wako tayari kuamini kwamba wazimu ndio waliomwua. Bwana Msa hautafuti mkono wa pepo, bali wa mtu. Hapa ndipo msomaji wa bara aguswapo. Katika vijiji vyetu vingi kifo cha ghafula huzaa mnong'ono matangani. Mnong'ono huenda kwa mpiga ramli, na ukirudi umekwisha pata jina, mara nyingi la mwanamke mzee asiye na mtetezi. Sheria ya Uchawi imekuwako tangu mwaka 1928, lakini mnong'ono haupiti mahakamani. Bwana Msa humtaka amshtakiye mwenziwe alete ushahidi. Kwa hiyo wanaoziita hadithi hizi mchezo mtupu wanazidhulumu.

Lakini upungufu wake nao ni mkubwa. Hadithi ya barazani hudhani kwamba kila kosa lina mwenyewe mmoja. Jina lake likisha kutajwa, wengine wote hutakasika, na baraza hurudi kama lilivyokuwa. Unguja ya riwaya ile ilikuwa nchi ya mashamba makubwa, yenye wenyewe wachache na wafanyao kazi wengi. Riwaya yauliza ni nani aliyemwua mwenye shamba. Haiulizi sana shamba lenyewe lilipatikanaje, na kwa jasho la nani. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuliza swali hilo kwa nguvu, miaka 4 tu baada ya kitabu kutoka.

Hali ni hiyo hiyo huku bara. Aliyempiga bibi kizee aweza kukamatwa na kufungwa. Lakini waliousikia mnong'ono wakanyamaza, na waliolingojea shamba lake, hawamo katika orodha ya mpelelezi. Dhambi yao ni ya wengi, na hadithi itakayo mkosaji mmoja haina pa kuiweka.

Atakayesema kwamba twaidai hadithi deni isilokopa hatakuwa amekosa kabisa. Abdulla alituahidi fumbo lenye jawabu, naye akalitoa kwa lugha ambayo waandishi wengi wa leo hawaifikii. Basi na tusimwondoe darasani, wala tusimsome kwa kicheko tu. Mwalimu na awaache wanafunzi wamfuate Bwana Msa mpaka ukurasa wa mwisho, wafurahi pamoja naye kwa kumpata mwuaji; kisha, kabla kitabu hakijafungwa, awaulize ni nani wengine waliofaidika kwa kunyamaza.