Chombo Kidogo na Bei ya Mafuta

Tunduma haina bahari. Ziwa Rukwa, ambalo ndilo ziwa la mkoa wetu wa Songwe, liko mbali kaskazini, chini bondeni, na hapa mpakani mwa Zambia maji ambayo mtoto aweza kuyaeleshea chombo ni yale ya mvua yateremkayo mitaroni. Walakini katika habari ya mafuta mji huu una elimu yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, na njia ya kusini ya mafuta ya Zambia kufungwa, petroli ilipita hapa ndani ya mapipa, juu ya malori yaliyotoka Dar es Salaam kwa barabara ya tope na vumbi ambayo madereva waliipa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likamalizika kulazwa hadi Ndola. Na leo, foleni ya malori ikiwa imelala njiani kuelekea Nakonde, mwenye bodaboda huingoja Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, kwa hofu ile ile ambayo mkulima wa kahawa wa Mbozi huwa nayo akitazama mawingu wakati wa kuanika.

Basi mtu wa mji kama huu akielezwa kwamba wako watu, huko Uingereza, Ujerumani, Marekani na kwingineko, wanaounda mashua ndogo za kupakatika, wakazitia injini, wakazishindanisha mabwawani huku wenyewe wamesimama ukingoni wakiziongoza kwa redio, hataulizia mshindi. Atauliza zinatumia mafuta gani, na lita ni kiasi gani. Ni swali la insafu, na wenye mchezo wenyewe siku hizi aghalabu hawana jingine midomoni. Husema gharama imewashinda. Nami nayakubali malalamiko yao kwa upande wa mfuko, ila kwa upande wa ufundi nadhani bei hiyo imewafanyia hisani ambayo hawajaishukuru.

Sanaa yenyewe si changa. Chama cha mashua ndogo za mvuke cha bustani ya Victoria, mashariki ya London, kiliasisiwa mwaka 1904, na mwaka 1924 vyama vya nchi hiyo vikaungana katika shirikisho moja. Zamani hizo, kabla ya redio, mashua ya mashindano ilifungwa kwa waya kwenye mlingoti katikati ya bwawa, ikazunguka duara mpaka mafuta yaishe au kitu kikatike. Na nguvu yake aghalabu ilikuwa mvuke, uliozaliwa ndani ya mrija mwembamba wa chuma uliosokotwa mara nyingi na kuchomwa kwa mwali mkali wa petroli. Fundi alijiundia mrija, pampu, silinda, pistoni na rafadha. Ushindi haukuuzwa dukani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaenea injini ndogo isiyo na cheche. Ndani ya plagi yake mna uzi wa platini, ambao huwashwa kwanza kwa betri, kisha betri ikaondolewa; mvuke wa methanoli ukiugusa, uzi hudumu katika wekundu wake, na moto hauzimiki mpaka tangi likauke. Methanoli ni pombe ya kuogofya: humpofusha anywaye, huvuta unyevu wa hewani chupa ikiachwa wazi, na mwali wake hauonekani mchana. Humo huchanganywa mafuta ya kulainisha, takriban sehemu moja katika tano, na yaliyosifiwa kuliko yote tangu enzi za ndege za Vita Vikuu vya Kwanza ni mafuta ya mbarika, mmea ambao sisi wa bara twauita mnyonyo, na ambao huku kwetu huota wenyewe majalalani na pembezoni mwa mashamba. Sifa yao ni uaminifu: injini ikipata joto la kupita kiasi, mafuta ya madini huungua yakatoweka, bali ya mbarika hung'ang'ania chuma. Huacha utando wa hudhurungi unaowaudhi wapenda usafi, lakini huacha na pistoni nzima. Ndiyo mafuta yale yale ambayo mama zetu hujipaka nywele.

Kilichoharibu hesabu ni nitromethani. Kimiminika hiki huja na oksijeni yake chenyewe, kwa hiyo injini huweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa kila pigo, na nguvu ikaongezeka pasipo fundi kuongeza maarifa. Aliyetia sehemu 10 katika 100 alishindwa na aliyetia 30, na huyo naye akashindwa na aliyethubutu 60. Mashindano yakawa ya mikoba. Kimiminika hicho ndicho kitu cha ghali kuliko vyote ndani ya kopo. Tena, kwa kuwa hufaa pia kutengenezea vilipuzi, Umoja wa Ulaya uliamuru, tangu Februari 2021, kwamba raia wa kawaida asiuziwe mchanganyiko uliozidi asilimia 16 pasipo leseni.

Hapo mwenye mali na asiye nayo wakalazimika kurudi kwenye tupa na msasa, na hapo ndipo mimi nawavulia kofia. Chombo cha mbio hakilali majini: huinuka, hata kikawa kinagusa maji kwa ncha mbili za mbavuni na kwa rafadha, nayo rafadha nusu iko ndani na nusu iko nje, kila jani likiyapiga maji na kuyaacha kwa zamu mara mamia katika sekunde moja. Rafadha hiyo huuzwa ikiwa mbichi. Fundi huitundika juu ya mhimili mwembamba atazame ni jani lipi linaloshuka, akalipunguza kwa tupa, akaitundika tena. Hunoa ukingo wa mbele hata ukate ngozi, na wa nyuma huukunja kidogo mno, kwa kiasi ambacho jicho halikioni bali kidole hukijua. Kisha huugeukia upande wa chini wa chombo. Pakibonyea karibu na tezi, hata kwa unene wa karatasi chache, omo itasukumwa chini na mashua itachimba. Pakitutumka, itarukaruka mpaka ipinduke. Huweka rula, hutazama mwanga unaopenya chini yake, hupiga msasa, huweka rula tena. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki nzima, wala haitumii tone la mafuta.

Wengine walikimbilia petroli, kwa injini za mipigo miwili zilizotokana na mashine za kufyekea nyasi, zenye ukubwa wa sentimita za ujazo 26 hivi. Fundi yeyote wa Vwawa au Mlowo angeifungua bila kuuliza. Ni injini nzito, lakini hunywa kidogo kuliko ya methanoli, na kinywaji chake chapatikana kila kituo.

Vijana wengi wamehamia umeme, na hapa tena Songwe imo ndani ya habari bila kualikwa. Mota zake ndogo zenye nguvu ya ajabu zategemea sumaku za neodimi na praseodimi, na madini hayo yamelala katika kilima cha Ngualla, wilayani Songwe, ambacho serikali ilikitolea leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2023. Kuyasafisha, kwa sehemu kubwa ya dunia, hufanywa China. Mwenye umeme hununua mafuta yake yote siku moja, kwa jina la betri, kisha huyaona yakizeeka.

Kwenye pwani yetu, toka Lamu hadi Unguja, watoto wamezishindanisha ngalawa ndogo za tanga miaka mingi kwa upepo usiolipiwa. Hata hivyo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na kwetu Bara mwaka 2019, hata nguo ya tanga, iliyokuwa ikikatwa katika mifuko hiyo, imebidi itafutwe kwingine. Mtoto anayesogeza mrengu nusu shubiri ili chombo kisilale ubavu, na mzee wa Kiingereza anayetazama mwanga chini ya rula, ni watu wa chuo kimoja.

Mabingwa wa injini wanazo tayari mbio za nusu saa, ambamo anayelazimika kuja kando kujaza tangi hupoteza mizunguko. Lau ningeulizwa rai, ningewataka wasonge mbele hatua moja: kila fundi apewe kibaba kimoja cha mafuta, kilichopimwa hadharani, na ashinde atakayezunguka mara nyingi kabla hakijakauka. Bwawa la kunyweshea ng'ombe lingetosha, na mafuta ya mbarika yangetoka uani.