Pima Kwanza, Gusa Baadaye

Mashine ya santuri ikiwekwa mezani kwake, fundi huyu haiwashi. Anahakikisha waya wa umeme haujachomekwa popote, anainua mfuniko wa plastiki, anatoa mpira mweusi wa juu, kisha analisukuma sinia la alumini kwa kidole kimoja na kulitazama. Linazunguka bila kukwaruza wala kuyumba, linapunguza mwendo, linasimama. Anainamisha sikio karibu na ekseli, analisukuma tena kinyume. "Hapa pazima," anasema, na anaandika maneno hayo hayo kwenye daftari.

Karakana yake iko Kariakoo, chumba chembamba chenye meza moja ndefu, taa ya shingo inayopindika na rafu za redio zinazosubiri zamu. Mashine iliyo mbele yake ni Technics SL-1200MK2, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1979. Imeletwa na dada mmoja aliyerithi santuri za baba yake na kutumiwa mashine hii na ndugu aliye Marekani. Kule umeme wa majumbani ni volti 120; huku ni volti 230. Aliyeipokea alibadilisha plagi tu, akaichomeka. Taa nyekundu iliwaka mara moja, ukafuata moshi mwembamba, kisha kimya. Dada anaamini mashine imekufa yote. Fundi hajaamini chochote bado.

Ukitaka kuelewa kwa nini anaishika kwa adabu hivi, ujue kilichomo ndani. Zamani mashine za santuri zilikuwa na mota ndogo inayokimbia mno, na mwendo wake ulipunguzwa kwa mkanda wa mpira au kwa gurudumu la mpira lililosugua ukingo wa sinia. Mkanda hulegea kwa umri. Gurudumu huchakaa, na mtikisiko wa mota hupita humo hadi kwenye sindano. Wahandisi wa kampuni ya Matsushita ya Osaka, akiwemo Obata Shuichi, waliviondoa vyote viwili. Katika mashine yao ya SP-10, iliyotoka mwaka 1970, mota yenyewe ilizunguka polepole, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mwendo ule ule wa santuri. SL-1200 ilifuata mwaka 1972. Toleo la MK2 likaongezewa kipande cha kwatsi cha kulinda mwendo, na kitelezi cha kuupandisha au kuushusha kwa asilimia nane. Wapiga muziki wa disko duniani kote waliing'ang'ania, na kampuni ilipoacha kuitengeneza mwaka 2010 haikupita miaka mingi, ikairudisha sokoni 2016.

Fundi anatia vidole viwili kwenye matundu ya sinia na kulivuta juu wima, bila kuliinamisha. Ni zito, karibu kilo mbili pamoja na mpira wake. Analigeuza na kulilaza juu ya kitambaa, mbali na skrubu zozote, kwa kuwa chini yake kuna pete nene ya sumaku. Hapo ndipo penye ufundi wa Wajapani hawa: koili zimekaa kwenye kitako cha mashine, sumaku imeshikamana na sinia. Sinia ni nusu ya mota. Hakuna brashi za kaboni za kuisha wala mpira wa kukatika. Anakata kipande cha selotepu, anakibandika juu ya sumaku na kukibandua, na unga mweusi wa chuma wa miaka mingi unatoka umenata. Anarudia kwa vipande vipya mpaka selotepu inatoka safi.

Kabla ya kuigeuza mashine chini juu, anatoa uzito wa nyuma ya mkono, anachomoa kichwa cha sindano, na kuufunga mkono kwenye kishikio chake kwa uzi wa pamba. Mkono huo, wenye umbo la herufi S, umebebwa na beringi ndogo mno; ukiachwa uning'inie ovyo, beringi zinaumia na hakuna atakayejua mpaka santuri ianze kuruka. Kisha anageukia kitako. Kimefungwa kwa skrubu nyingi, nazo hazilingani urefu. Amechora umbo la kitako kwenye kipande cha boksi, na kila skrubu inayotoka anaichomeka kwenye boksi mahali pale pale ilipotoka. Skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kufika pasipotakiwa. Anafanya hivyo bila kuharakisha, kama mtu anayechambua mchele akijua wageni bado wako mbali.

Sasa mita. Anagusa ncha zake mbili kwenye waya wa kuingizia umeme wa transfoma. Mita haisomi kitu. Anabadilisha mahali, anagusa tena, haisomi. Waya wa ndani umekatika kwa joto. Mafundi wengi wangeishia hapa: transfoma imeungua, na bodi bila shaka imekwenda nayo, basi tafuta bodi nyingine. Yeye anatenganisha transfoma na bodi, kisha anailisha bodi umeme kutoka kwenye kifaa chake cha mezani. Amekiwekea kikomo cha mkondo, na volti anazipandisha kwa kuzungusha kitufe kidogo kidogo. Macho yake hayako kwenye volti, yako kwenye mkondo. Kama kuna kitu kimeungana vibaya ndani, mkondo utaruka ghafla, naye atakata kabla hakijaleta madhara zaidi. Mkondo unapanda kidogo na kutulia. Anahamisha ncha ya mita hadi mahali panapotoka umeme uliokwisha kusawazishwa. Mashine hii inahitaji volti 21 hapo, na mita inasoma 21 na sehemu chache. Analirudisha sinia, anabonyeza kitufe cha kuanza. Sinia linaondoka mara moja, na kabla halijamaliza robo ya mzunguko limeshafika mwendo wake.

"Mwanangu," anamwambia dada, "kilichokufa ni kimoja. Vingine vimezeeka tu."

Vilivyozeeka ni kapasita, yale makopo madogo yenye majimaji ndani. Majimaji hukauka, na kapasita iliyokauka hushindwa kulainisha umeme. Fundi hazing'oi zote kwa pamoja. Anang'oa moja, anaipima, anaandika, anaweka mpya yenye ukubwa ule ule na volti zisizopungua za ile ya zamani, iliyotengenezwa kuvumilia nyuzi joto 105, ndipo anakwenda kwa inayofuata. Kila kapasita ina upande wa hasi uliochorwa mstari. Anaulinganisha na alama ya bodi, anaondoa mkono, anautazama tena.

Kulehemu kwenye bodi ya umri huu kuna hatari yake. Njia za shaba zimebandikwa kwa gundi, na gundi hiyo haipendi joto la muda mrefu. Analaza utambi wa shaba juu ya risasi ya zamani, anagusisha ncha ya chuma cha moto juu ya utambi, na risasi inapanda humo iking'aa. Ananyanyua vyote viwili kwa pamoja. Anasubiri bodi ipoe kabla ya kugusa mguu wa pili. Risasi mpya anaitia kidogo sana. Inatiririka kuzunguka mguu wa kapasita na kuganda ikiwa laini, inayong'aa, yenye umbo la kilima kidogo. Kilima kikitoka cheupe na chenye mikwaruzo, anakiyeyusha na kuanza upya, ingawa pengine kingedumu miaka kumi.

Transfoma mpya haiwekwi ndani. Hili ndilo boresho kubwa la kazi nzima. Kichwa cha sindano hutoa umeme wa milivolti tano hivi, ambao baadaye hukuzwa mara nyingi kabla ya kufika kwenye spika. Transfoma hutetemeka na kuvuma kwa mapigo ya umeme wa nchi, na chochote inachotupa karibu na sindano nacho kitakuzwa. Kwa hiyo anaijengea sanduku lake la bati, pamoja na fyuzi na swichi, kisha anavuta waya wa urefu wa mita moja kuja kwenye mashine. Nafasi ilipokuwa transfoma ya zamani inabaki tupu. Anaandika kwa wino usiofutika juu ya sanduku: VOLTI 230.

Dada alikuwa na orodha yake: taa za buluu badala ya nyekundu, nyaya zenye plagi za dhahabu, rangi mpya. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho. Taa nyekundu, anamweleza, ndiyo inayomulika nukta za ukingoni ili ujue mwendo. Inawaka vizuri, iachwe. Rangi ni mali ya mwenye mashine, ataamua mwenyewe baadaye. Nyaya za sauti kweli zinahitaji kubadilishwa, kwa kuwa zile za kiwandani zimekauka na kupasuka shingoni, lakini dhahabu si sababu. Anachagua waya mfupi uliozungushiwa koti la shaba iliyosukwa. Ukiwa mrefu mno hubadilisha sauti za juu za kichwa cha sumaku. Anaulehemu kwenye kibodi kidogo chini ya mkono, na waya wa ardhi anaupitisha peke yake, ili mvumo usipate mlango.

Kitelezi cha mwendo anakifungua, anafuta grisi iliyogeuka gundi kwa pamba yenye spiriti, anatia grisi mpya kiasi cha punje ya ulezi. Ekseli anaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha anadondosha matone mawili ya mafuta mepesi. Mota yenyewe na vipande vya sakiti vinavyoitawala havigusi kabisa. Vimepimwa, vinafanya kazi, na hakuna mkono utakaoviboresha kwa kuvifungua.

Skrubu zinarudi kutoka kwenye boksi moja moja, zikikazwa kwa mishazari, kwanza zote kwa ulegevu, halafu zote kwa nguvu kidogo. Mashine inawekwa juu ya meza na kusawazishwa kwa kipimo cha maji, akizungusha miguu mpaka povu linatulia katikati. Ndipo inakuja kazi ya sindano. Nyaya nne nyembamba za kichwa zina rangi zake: nyeupe na buluu upande wa kushoto, nyekundu na kijani upande wa kulia. Anazishika kwa kibano, hazivuti. Anapima milimita 52 kutoka kwenye pete ya mpira ya kichwa hadi ncha ya sindano. Anarudisha uzito wa nyuma na kuuzungusha mpaka mkono unaelea, haupandi wala haushuki. Pale anaweka sifuri, kisha anaongeza hadi gramu 1.8, uzito uliopendekezwa kwa sindano hii ya Ortofon 2M Red. Haiamini namba iliyoandikwa kwenye duara. Anaishusha sindano kwenye mizani ndogo ya kidijitali, anasoma, anarekebisha upana wa unywele, anasoma tena.

Anaiwasha. Taa nyekundu inamulika ukingo wa sinia, ambako kuna mistari minne ya nukta. Mmoja wao unasimama tuli huku sinia likizunguka, mingine inatembea. Anasukuma kitelezi taratibu, na nukta zilizokuwa zimesimama zinaanza kuteleza, kwa ulaini, bila kuruka. Anakirudisha katikati, taa ya kijani inawaka, nukta zinasimama. Anaiacha izunguke saa nzima bila santuri huku akifungua redio ya mteja mwingine, na kila baada ya muda anagusa sanduku la bati kwa kiganja kuona kama lina joto.

Dada anachagua santuri ya Mbaraka Mwinshehe, ya wakati ambapo nyimbo nyingi za wanamuziki wa Tanzania zilichapwa Nairobi. Fundi anasikiliza kwanza pale pasipo na wimbo, kwenye mfereji wa mwanzo, sauti ikiwa juu kuliko kawaida. Kuna mchakacho wa vumbi. Mvumo wa umeme haupo. Magitaa yanapoingia, yeye tayari anaandika.

Ukurasa wa daftari anaunakili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa sanduku: volti 21 kwenye bodi, gramu 1.8 kwenye sindano, milimita 52, kapasita zipi zimebadilishwa na lini, mafuta mengine baada ya saa 2000 za kupiga. Kapasita za zamani na transfoma iliyoungua anazitia kwenye mfuko na kumkabidhi mwenyewe azione, kisha anamtajia bei. Dada anauliza karatasi ni ya nini, ikiwa fundi yupo na simu yake anayo. "Ya fundi atakayeifungua baada yangu," anajibu. "Asianze kwa kubahatisha."