Ishango: jinsi ziwa lilivyofungiwa ndani ya parki

Mtu wa Butembo hulijua Ziwa Edward kwa ulimi kwanza. Tilapia, kambale na kamongo wa Kyavinyonge hupanda mlima kwa pikipiki na kwa lori hadi masoko ya mji, na mama muuzaji hana haja ya kueleza wametoka wapi. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 912 hivi, chini ya ukuta wa milima ya Mitumba. Kwa mstari ulionyooka umbali haufiki kilomita 50, na ikweta inapita katikati. Beni nayo si mbali: unashika barabara ya Kasindi, unaiacha Ruwenzori mkono wa kushoto, halafu unateremka bondeni. Hata hivyo, ingia darasa lolote la sekondari katika miji hii miwili uulize ni nani amewahi kusimama ufukweni Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Sidhani utahitaji vidole vya mikono miwili kuwahesabu.

Jibu la haraka ni vita, na hakuna wa Beni atakayelibishia. Lakini kulikuwa na miaka mingi ya amani kabla ya vita, na hata wakati huo mwenyeji hakuenda ziwani kutembea. Chanzo kimoja kiko kwenye namna parki ya Virunga, iliyolimeza ziwa, ilivyoundwa, na hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua.

Amri ya Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji ya tarehe 21 Aprili 1925 ililenga gorila wa milimani, kule kwenye volkeno za kusini. Ziwa halikuwamo. Liliingizwa mpaka ulipopanuliwa mwaka 1929 na tena katikati ya miaka ya 1930, hadi parki ikawa mkanda wa kilomita kama 300 toka kusini hadi kaskazini, wenye takriban kilomita za mraba 7,800. Sehemu yote ya ziwa iliyo upande wa Kongo ikawa ndani. Upanuzi huo ulirahisishwa na ugonjwa wa malale: katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 malale yalikuwa yameua na kutawanya watu kwenye nyanda za Rutshuru na bonde la Semliki, na serikali ya kikoloni iliwahamisha waliobaki. Waliochora ramani baadaye wakaikuta nchi iliyohamishwa watu, wakaiandika kama nchi isiyo na wenyewe. Madai ya ardhi ambayo mpaka leo yanasikika kwenye kingo za parki yana mzizi hapo.

Mwaka 1934 iliundwa Taasisi ya Parki za Taifa za Kongo ya Ubelgiji, na kanuni yake kuu ilikuwa kufunga. Aliyefunguliwa mlango kwanza ni mwanasayansi. Mwaka 1935 alikuja Hubert Damas kupima maji ya maziwa ya Kivu na Edward, na pale Ishango akaona mifupa na vifaa vya kale kwenye ukingo wa Semliki. Mwaka 1950 Taasisi ikamtuma mjiolojia Jean de Heinzelin kuchimba. Alikata ukingo tabaka kwa tabaka, akakuta mifupa ya samaki na wanyama, vyusa vya mfupa vyenye meno pembeni, na ule mfupa mdogo wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha kwarizi kwenye ncha, ambao umelipeleka jina la Ishango katika vitabu vya hisabati duniani kote. Mikato yake imepangwa katika safu tatu. Jumla ya safu mbili ni 60 kila moja, ya tatu ni 48. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20. Wengine wanasema ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi, wengine ni mikato ya kushikia tu ili mfupa usiteleze mkononi.

Kilichonivutia mimi ni jinsi umri wake ulivyopatikana, maana hapo ziwa lenyewe liliwachanganya wataalamu. Kipimo cha kaboni kwenye makombe ya konokono wa maji kilitoa miaka kama 21,000. De Heinzelin hakukiamini. Ziwa liko kwenye nchi ya volkeno, na maji yake huweza kubeba kaboni ya zamani ambayo konokono huijengea kombe lake. Kwa hiyo konokono aliyekufa jana anaweza kuonekana mzee kwenye mashine. Kwa tahadhari hiyo akaandika umri mdogo zaidi. Katika miaka ya 1980 timu ya Alison Brooks ilirudi kwenye bonde, ikapima vitu vya aina mbalimbali badala ya kutegemea makombe ya majini peke yake, na umri ukarudi juu, miaka 20,000 na zaidi. Chini kidogo ya mto, pale Katanda, timu hiyo ilichimbua vyusa ambavyo mwaka 1995 walivitangaza kuwa na umri wa miaka kama 90,000.

Watu hupenda kuupiga picha ule mfupa wa hesabu. Nadhani vyusa vina uzito zaidi kwa msomaji wa Butembo. Vinathibitisha kwamba kwenye mlango huu wa Semliki binadamu alikuwa akivua kabla ya mpaka wowote kufikiriwa, na akivua kwa ufundi. Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili.

Wa pili kufunguliwa mlango alikuwa mvuvi, lakini kwa masharti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uvuvi uliruhusiwa kupitia ushirika, ambao baadaye ulijulikana kama COPEVI, na makazi yakaruhusiwa mahali patatu tu: Vitshumbi kusini, Nyakakoma mashariki, Kyavinyonge kaskazini. Ufundi wa mpango huu ulikuwa kulilinda ziwa ukiwa nchi kavu. Hakuna serikali iliyo na boti za kutosha kulinda zaidi ya kilomita za mraba 1,600 za maji. Lakini ikiwa kila pirogi ina namba, kila samaki lazima ashushwe kwenye ufuko mmoja kati ya mitatu, na kila wavu unakaguliwa macho yake kabla haujaingia majini, basi karani mmoja mwenye daftari anafanya kazi ya boti nyingi. Mazalio yalifungwa: midomo ya mito na ghuba za maji mafupi, maana tilapia huchimba kiota mchangani kwenye maji mafupi na jike hulea makinda mdomoni. Kumvua hapo ni kuvua na kizazi kijacho.

Udhaifu ulikuwa kwenye mahali palipochaguliwa. Ufuko wa magharibi unashuka ghafla. Kina kikubwa cha ziwa, zaidi ya mita 110, kiko upande huo huo wa Kongo, karibu na ukuta wa mlima, na maji ya chini kabisa huko hayana hewa ya kutosha kwa samaki. Maji mafupi yenye rutuba ya upande wetu yako pale nyanda zinapofika majini, yaani kaskazini, kusini na mashariki. Vijiji vitatu viliwekwa hapo hapo. Mvuvi halali akawa jirani wa mazalio, na kilichomzuia ni daftari tu. Daftari lilipolegea katika miaka ya Zaire (tangu 1973 ziwa lenyewe liliitwa Idi Amin Dada, kwa heshima ya rafiki wa Mobutu), hapakuwa na kizuizi cha pili. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza yaliyobaki: wakimbizi wa ndani walijaza vijiji, pirogi zisizo na namba zikazidi zenye namba, watu wenye silaha wakatoza kodi zao, na kwenye ufuko wa magharibi vikaota vijiji vya uvuvi ambavyo sheria haikuvitambua.

Hapo ndipo kiboko anapoingia katika hesabu. Usiku hula majani nchi kavu, mchana hurudi majini na kuacha kinyesi humo. Kinyesi hulisha mwani, mwani hulisha tilapia. Katikati ya miaka ya 1970 parki ilihesabiwa kuwa na viboko karibu 29,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa na wenye bunduki kwa nyama na meno. Wavuvi wengi wanasema samaki walipungua kwa sababu kiboko alikwisha. Kuna ukweli humo, lakini nadhani kauli hiyo inausamehe wavu mno. Ziwa hili hupokea rutuba pia kutoka mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha, na kutoka Ziwa George kwa mfereji wa Kazinga. Tilapia asiyeachwa kuzaa hata mara moja haokolewi na rutuba ya aina yoyote. Mwezi wa Aprili 2025 kimeta kiliua viboko wapatao 50, na uongozi wa parki ulisema waliobaki ni 1,200 hivi. Idadi hiyo ni ndogo, ila inaonyesha kwamba baada ya 2005 kushuka kulizuiwa.

Wa tatu ni mtalii, na njia yake ilichorwa ipite mbali nasi. Zamani alifika Rwindi kwa barabara ya kutoka Goma. Utalii ulipofufuliwa baada ya 2009, vivutio vilivyouzwa vilikuwa gorila, volkeno ya Nyiragongo, hoteli ya Mikeno pale Rumangabo na kisiwa cha Tchegera kwenye Ziwa Kivu. Vyote viko kusini, vyote vinaanzia Goma. Kibiashara ilieleweka: mgeni anayelipa mamia ya dola kuona gorila hulipa mishahara ya walinzi. Lakini biashara ya aina hiyo hufa siku moja. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa na mlinzi aliyekuwa nao akauawa. Parki ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019, halafu korona ikaifunga tena Machi 2020. Mgeni wa mbali akiondoka, hakuna wa karibu wa kushika nafasi yake, kwa sababu hakuandaliwa.

Upande wa Uganda wa ziwa hilo hilo walifanya tofauti. Pale Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952, ziara inayojulikana kuliko zote ni ya boti kwenye mfereji wa Kazinga. Unapanda kwenye gati moja, unakaa, unaona viboko, nyati na ndege, unarudi ulipoanzia. Hakuna kutembea porini, mlinzi mmoja anatosha kwa watu wengi, na mabasi ya shule huja. Kwa mtu wa kupanga usalama, safari inayoanza na kuisha kwenye gati moja ni rahisi kuilinda kuliko msafara wa magari.

Kaskazini yetu parki ilifanya jambo moja kubwa kwa ajili ya wenyeji, nalo halikuwa ziara. Mwaka 2013 ilifunguliwa mitambo ya umeme ya Mutwanga, megawati 0.4 kutoka mto Butahu unaoshuka Ruwenzori. Haina bwawa kubwa: maji hukingwa juu, hupitishwa kwenye bomba, huzungusha mtambo kisha hurudi mtoni. Baada ya umeme kilikuja kiwanda cha sabuni, na kakao ya Beni ikaanza kugeuzwa chokoleti papo hapo. Kwa mara ya kwanza mtu wa eneo la Beni alipata kutoka kwenye parki kitu anachoweza kukigusa bila kuvunja sheria. Umeme huo ulijengwa na uongozi ule ule, kwenye nchi ile ile yenye hatari. Kwa hiyo hoja kwamba kaskazini hapafanyiki kitu mimi siikubali.

Mazingira ya sasa si mepesi. Julai 2018 majeshi ya maji ya Kongo na Uganda yalirushiana risasi ziwani. Machi 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi, Januari 2025 wakaiteka Goma, na serikali ya mkoa ikahamia Beni kwa muda. Waasi wa ADF wanaendelea kuua. Sidai kwamba watoto wapelekwe Ishango kesho. Nadai kwamba mpango uandikwe sasa, maana desturi ya kwetu ni kusubiri amani, halafu amani ikija mgeni wa kwanza anakuwa yule wa gorila.

Kuhamia kwa utawala wa mkoa Beni kumeleta meza ya mazungumzo karibu na ziwa. Nawaomba ICCN (taasisi ya serikali ya hifadhi), serikali ya mkoa, ushirika wa wavuvi wa Kyavinyonge na Chuo Kikuu cha Graben cha Butembo waikalie meza hiyo na watoke na mambo matatu: gati moja na boti ya ziara pale Ishango, bei ya mwenyeji na ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kinande, na nakala ya ule mfupa pamoja na vyusa vyake, iwekwe Butembo ambako watu wanaweza kuiona hata barabara ikifungwa. Hilo la tatu halihitaji kusubiri usalama wa ziwani. Brussels ina mfupa wenyewe, na kuomba nakala ni kazi ya barua moja.