Gesi Haiishi, Hutoroka

"Gesi imeisha." Ndivyo wenye nyumba wa Hai Malakal, mtaa wa Juba, wanavyomwambia fundi wa AC, kwa sauti ileile ya kusema mkaa umeisha. Fundi wa haraka hulipenda sana neno hilo: hufunga geji, hujaza gesi, hupokea pesa zake, na kabla msimu wa joto haujapita huitwa tena kujaza. Fundi ninayemsifu hapa, kijana aliyejifunza kazi na Kiswahili chake Kenya kabla ya kurudi Juba, hujibu kwa upole: "Mama, gesi ya AC haiishi. Imetoka. Tutafute ilikotokea."

Ni kweli tupu. Gesi husukumwa na kompresa, humwaga joto nje, hurudi ndani kunyonya joto la chumba, kisha huanza safari upya. Mabomba yakiwa mazima, gesi iliyotiwa siku ya kwanza yaweza kukaa humo mpaka mashine yenyewe izeeke. Ikipungua, pana tundu.

Na Juba si mji wa kuvumilia tundu. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Msimu kama huo kila mtu ana haraka, isipokuwa fundi huyu.

Huanza kwa macho. Gesi inapotoka huvuta na mafuta kidogo ya kompresa, na vumbi, hili tunalolifagia asubuhi na kulilaani jioni, hunata penye mafuta. Kwa hiyo hutafuta doa jeusi. Hupitisha kidole kwenye nati, kwenye viungo vilivyochomelewa, na pale bomba linapogusana na kishikio cha chuma, kwa kuwa mtetemo huila shaba polepole. Nati iliyokazwa mno haina heri kuliko iliyolegea: hupasua ncha ya bomba. Palipo pagumu kuliko pote ni koili ya ndani. Humo asidi hafifu zilizomo hewani zikikutana na unyevu huchimba shaba vijia vyembamba vilivyopindapinda. Ukikata kipande na kukitazama kwa darubini utadhani unaangalia kichuguu, ilhali kwa nje bomba linang'aa.

Macho yakishindwa, hutia naitrojeni kwenye mabomba. Hapa ndipo maarifa yanapotengana na ujasiri wa kijinga. Karakana za kuchomelea zina mitungi ya oksijeni, na wapo wanaoona hewa ni hewa tu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na imewahi kuua mafundi. Naitrojeni ni kavu, haiungui, haina ugomvi na chochote kilichomo ndani.

Hupandisha presha taratibu, akisimama kusikiliza, mpaka mshale ufike 300 psi. Kisha huchanganya sabuni ya vyombo na maji kidogo, akikoroga polepole ili povu lisianze kikombeni. Hupaka kwa brashi laini kila kiungo, chini na nyuma pia, pasipoonekana. Tundu kubwa hutoa mapovu papo hapo. Tundu dogo halina adabu hiyo. Huenda likatoa kipovu kimoja baada ya dakika kadhaa, na jua likikausha sabuni kabla, utaapa bomba ni zima.

Akishaziba alichokipata, hupandisha presha tena, hufunga valvu, huandika namba ya geji, na pembeni yake huandika joto la hewa. Hiyo namba ya pili ndiyo inayonifanya nimvulie kofia. Akifunga alasiri kwenye nyuzi 38 na kurudi asubuhi kwenye nyuzi 28, mshale utakuwa umeshuka karibu psi 10 bila hata chembe kutoka, kwa kuwa gesi ikipoa hupunguza presha. Asiyeijua hesabu hiyo atakesha akitafuta tundu lisilokuwepo. Tena kungoja huku hakuhitaji umeme wala jenereta.

Hata Marekani, ambako nyumba nyingi hupozwa kwa hewa inayopita kwenye njia za bati darini, uvujaji hupimwa kwa presha: wapimaji huziba matundu ya vyumbani, hufunga feni, na kupima ni hewa kiasi gani inabidi iingizwe ili presha ibaki paskali 25. Psi 300 za fundi wetu ni zaidi ya mara 80,000 ya hapo. Lakini kule hewa kidogo ikivuja bado nyumba hupoa. Huku gesi ikivuja, AC inabaki pambo la ukutani.

Na inayovuja haipotei. Kilo moja ya gesi ya AC aina ya R410A huongeza joto la dunia sawa na tani mbili hivi za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 zikakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu huyavunja makubaliano hayo kila wiki, bila kujua yapo.

Asubuhi, mshale ukikubaliana na hesabu, naitrojeni hutolewa na pampu ya kunyonya hewa huwashwa mpaka kipimo kishuke chini ya maikroni 500. Akizima pampu hungoja tena. Kipimo kikipanda kidogo kikasimama, kuna unyevu ndani. Kikipanda bila kusimama, bado kuna tundu. Sijui kazi nyingine ambayo ukimya husema mambo mawili tofauti kwa kasi yake tu. Mwisho huweka mtungi wa gesi juu ya mizani, ameupindua ili R410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, itoke ikiwa kimiminika, na hutia gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Hazidishi.

Ndipo huja suala la malipo. Mwenye nyumba amemwona ameketi kibarazani nusu ya kazi, akiangalia mshale, na anataka kujua analipia nini. Fundi hutoa mfukoni kipande cha bomba alichokikata na kumwomba akielekeze kwenye jua, achungulie. Mama huchungulia, huguna, na mabishano ya bei huanza upya, ila safari hii kutoka juu kidogo.