Rafiki Iliruka Miaka Isiyorukika

Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wapendanao, Kena na Ziki, iliharibikia kwenye mkato mmoja. Mnaukumbuka: Ziki kapelekwa London, na mara Kena yuko hospitalini kazini, miaka imekwenda, na muda si muda yuko kilimani akiguswa bega na Ziki. Ile miaka iliishia wapi? Mtaa uliowapiga wasichana wale hadi wakaishia polisi ulimsalimiaje Kena kesho yake asubuhi? Nani alimuuzia soda kwenye kibanda cha Mama Atim? Filamu ilikuwa imeyajenga macho ya mtaa kwa subira, shoti kwa shoti, hata mtazamaji akajikuta anachungulia nao. Kisha ikayafumba palepale yalipoanza kudaiwa.

Kosa hili halina udhuru, maana hadithi iliyozaa filamu ilishalikwepa. "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyotwaa Tuzo ya Caine mwaka 2007, imesimama ndani ya pengo hilohilo: Anyango, aliyebaki mtaani Nakawa, anazungumza na Sanyu anayengojewa kutoka London, majirani waliowahukumu wakiwa bado wapo. Kila tunachokijua kinapita kwenye kumbukumbu ya aliyebaki. Kahiu akachukua mapenzi na wazazi, akamwacha msimulizi. Safu hii imelalamika mara ngapi kwamba watengenezaji filamu wetu husoma hadithi wakiwinda matukio, sauti wakaiacha kitabuni? Wala tusiambiwe muda haukutosha. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenzake wa kikundi cha The Nest (2014), filamu ya nyeusi na nyeupe, ilitokana na ushuhuda wa Wakenya wenyewe, ikabeba hadithi tano kwa saa moja hivi.

Wapo watakaosema kuugusa mwisho ule ni kuitetea Bodi ya Filamu ya Kenya, ambayo, kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, ilitaka ubadilishwe kwa kuwa una matumaini mno, na mwaka 2018 ikaipiga filamu marufuku. Sivyo. Bodi ilidai majuto. Mimi nadai miaka. Mkono ule begani ubaki ulivyo. Lakini Kena aliyenunua mkate kila jioni kwa watu waliompiga angeikera bodi kuliko huyu aliyerushwa juu ya yote. Rangi, muziki, uigizaji wa Samantha Mugatsia: safi, sina neno. Isomeni kwanza "Jambula Tree", ni kurasa chache tu, kisha rudieni dakika kumi za mwisho za Rafiki.